Risala ya Majirani kwa Mgeni Rasmi, Mkesha wa Siku ya Mashujaa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Masheikh na wachungaji wetu, mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wako, wazee wa baraza, akina mama wa upatu, vijana wa bajaji, na wote mliokaa na mliosimama,

Tunakushukuru kwa kufika kwetu Ngamiani, hapa Tanga, jioni hii ya kuamkia tarehe 25 Julai. Kesho taifa litasimama mnarani. Mkuki na ngao vitawekwa, kisha sime, upinde na mshale, shoka na shada la maua, na tarumbeta italia. Hatuna neno na shughuli hiyo, na wengi wetu tutahudhuria ya hapa mkoani. Ila kesho ni siku ya kusimama kimya, na mtu aliyesimama kimya hawezi kueleza shida yake. Ndiyo maana tukakuomba uje leo.

Mara ya mwisho mtaa huu kusoma risala, tulidai mtaro. Mtaro haujajengwa, na wewe mwenyewe umeruka dimbwi ukiingia hapa. Leo tumeuacha pembeni kwa hiari yetu, tukijua kwamba mgeni wa ngazi yako hafiki huku kila mwaka. Hilo peke yake likuonyeshe uzito wa tunalolileta.

Tunaleta habari ya mzazi mmoja. Ni mama, mjane wa muda mrefu. Mwanawe alipita JKT kwa kujitolea, akachukuliwa JWTZ, akaapa, akapelekwa Kongo na kofia ya buluu ya Umoja wa Mataifa, akarudi ndani ya sanduku lililofunikwa bendera. Mama ametuidhinisha tuyaseme haya kwa sharti moja: asitajwe jina yeye, wala mwanawe, wala mwaka wa msiba. Amesema jina la mwanawe limeshatumiwa vya kutosha na watu wasiomjua. Hayupo hapa, amebaki nyumbani na mjukuu wake. Tunaomba asifuatwe huko kupigwa picha.

Tunasema habari ya mmoja, lakini msiba huu una wenzake. Tarehe 13 Julai 2013 askari wetu saba waliuawa kwa kuviziwa Darfur. Mwezi uliofuata Meja mmoja aliuawa karibu na Goma, huko Kongo, na Oktoba mwaka huo huo Luteni akaanguka Kiwanja, katika vita dhidi ya waasi wa M23. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, wilayani Beni, ilishambuliwa usiku, na hesabu ikafikia askari 15 wa Tanzania waliokufa na zaidi ya 40 waliojeruhiwa. Katibu Mkuu António Guterres alisema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa katika historia ya karibuni. Aprili 2024 kombora likaua watatu wengine, safari hii wakiwa chini ya bendera ya SADC. Kila mmoja wao alitoka kwenye mtaa au kijiji, na huko yuko mtu anayeulizwa hali kila asubuhi na hana la kujibu.

Hapa kwetu mama huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, na kijana huyu alikuwa wa kwanza. Baada ya maziko majirani wakashikwa na kigugumizi: waendelee kumwita vile vile, au wahamie kwenye jina la mdogo wake? Wengine wakaanza kumwita dada, wengine bibi kwa ajili ya mjukuu. Siku ya arobaini, baada ya hitma, alisimama mlangoni akasema yeye ni Mama Fulani kama alivyokuwa, na atakayembadilisha asimpe salamu. Tangu hapo hakuna aliyethubutu. Ofisini, lakini, bado ni “mzazi wa marehemu”, na siku nyingine “yule bibi wa faili”.

Mheshimiwa, tulichokiweza tumekifanya, na tunakitaja ili ujue uwezo wetu unaishia wapi. Chama cha kuzikana kilileta turubai, viti na masufuria, na havikuondolewa siku ya tatu kama kanuni zetu zinavyosema. Akina mama walipangiana zamu za kulala kwake, kwa sababu usiku alikuwa akitoka kufungua mlango akidhani amesikia hodi. Kwenye upatu nafasi yake haikufutwa. Kila anayepokea anakatwa kidogo kuziba fungu lake. Kijana wa bajaji anampeleka hospitali kupima presha na hajawahi kutaja nauli. Kwaya ya kanisa la jirani ilipika msiba mzima, na wakati wa Ramadhani ikaleta tende. Mwalimu mstaafu ndiye anayemwandikia barua zake za serikali, kwa mwandiko unaosomeka kuliko majibu yanayorudi.

Na yuko mzee wetu mmoja aliyepigana vita vya Kagera. Wakati wengine tukimwambia mama mshukuru Mungu, mwanao ni shujaa, yeye alikuja kila alasiri, akaketi barazani, akanywa kahawa yake, akaondoka. Tulimdhania hana maneno. Baadaye mama alituambia kwamba katika siku zile zote, yule mzee ndiye pekee ambaye hakumchosha.

Haya tutaendelea kuyafanya bila kuombwa na bila posho. Lakini yako yasiyowezekana kwa turubai wala kwa upatu, na ndiyo tuliyokuitia.

Tuanze na namna habari ilivyomfikia. Alikwenda dukani kununua unga. Kijana wa duka akamwambia, pole sana mama. Akauliza pole ya nini. Kijana akashikwa na butwaa, kwa sababu picha zilikuwa zimeshazunguka kwenye simu za mtaa mzima na kila mtu alidhani mwingine ameshamwambia. Alipata pole kabla ya kupata habari. Msafara rasmi ulifika baadaye, watu wenye adabu, wamevaa vizuri, na hatuwalaumu wao. Tunalaumu mpangilio unaoruhusu simu ya mkononi ifike kabla ya gari la serikali. Tunadai kwamba jina lolote lisitolewe kwa vyombo vya habari kabla mzazi hajakaa chini ya paa lake na kuambiwa uso kwa uso, na mtu mwenye cheo akiwa pamoja na kiongozi wa dini yake. Na hao watakaotumwa wapitie kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti anajua nani ana presha, nani anaishi peke yake, na nyumba gani ya jirani ina mtu wa kumshika mtu asianguke.

La pili ndilo linalomnyima mama usingizi, na tunaomba utuvumilie tulieleze kwa kirefu.

Sanduku lilikuja limefungwa na tukaambiwa lisifunguliwe. Hatubishani na katazo lile. Mwili uliosafiri kutoka misitu ya Kivu mpaka Tanga umepita mikono mingi na joto jingi, na wapo wazazi ambao wangeona wakajuta kuona. Lakini mama wa Kiislamu anajua kinachotakiwa kwa mwili wa mwanawe: ukoshwe, uvikwe sanda, usaliwe, uzikwe. Kusali tulisali, uwanja ukajaa hadi barabarani. Kuzika tulizika. Kukosha na kukafini hatukukuona. Swali lake tangu siku ile halijabadilika: nani alimkosha mwanangu?

Alimuuliza afande aliyeongozana na msafara, akajibiwa kwamba taratibu zote zimefuatwa. Akauliza tena alipokwenda kufuatilia makaratasi. Taratibu zote zimefuatwa. Mwalimu akamwandikia barua, na jibu lilipokuja lilikuwa na mstari huo huo, safari hii una muhuri. Masheikh wetu walikaa naye wakamweleza kwamba wapo wanazuoni wanaosema aliyeuawa vitani haoshwi, huzikwa na damu yake, na wapo wanaosema hukumu hiyo ni ya vita vya namna maalumu tu. Aliwasikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akasema yeye hakuuliza hukumu, aliuliza jina la mtu.

Tunadai jina la mtu huyo. Kama ni muumini mwenzake wa kikosini, kama ni mhudumu wa mochwari ya huko au ya Dar es Salaam, atajwe, na ikiwezekana apewe simu azungumze na mama hata dakika chache. Kama hakukoshwa kabisa, aambiwe hivyo hivyo. Atalia siku hiyo, na sisi tutakuwepo. Hapa hapana siri ya ulinzi wa nchi, kwa sababu hakuna adui anayepata faida kwa kujua nani alimvika sanda askari wa Tanga. Ndugu zetu Wakristo wanaomba jambo hili liandikwe kwa ajili yao pia: mzazi ajulishwe nani alimsalia mwanawe, na kama alikuwa hai, nani alikuwa karibu naye kumsomea neno.

La tatu ni namna alivyokufa. Mzazi aliambiwa mwanawe anakwenda kulinda amani. Sisi sote tuliambiwa hivyo, tukapiga makofi. Lakini brigedi iliyopelekwa Kongo kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, Machi 2013, ilipewa ruhusa ya kushambulia makundi yenye silaha, jambo ambalo walinda amani wengine hawakuwa nalo. Askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, James Mwakibolwa. Tulijivuna naye, na bado tunajivuna. Ila kuna tofauti kati ya kumuaga mtoto anayekwenda kusimama kwenye kizuizi cha barabarani na kumuaga anayekwenda kupigana msituni, na mzazi alikuwa na haki ya kuijua tofauti hiyo siku ya kuagana.

Baada ya Semuliki, Umoja wa Mataifa uliunda timu ya uchunguzi iliyoongozwa na Dmitry Titov wa Urusi. Muhtasari uliotolewa New York mwanzoni mwa 2018 ulitaja mapungufu katika mafunzo, katika uongozi na utoaji wa amri, na upungufu wa mambo ya lazima kama ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia. Mheshimiwa, kama New York iliweza kuyasema hayo mbele ya waandishi wa habari, haiwezekani yashindikane kusemwa mbele ya mzazi hapa Tanga. Hatujasema kijana wetu alikuwa Semuliki, wala hatujasema hakuwepo. Tunasema kwamba mzazi yeyote wa askari aliyefia Kongo, akisikia maneno kama hayo redioni, atajiuliza ni pungufu lipi kati ya hayo lililomkuta wa kwake.

Kwa hiyo tunadai maelezo ya maandishi, kwa Kiswahili, yasiyozidi kurasa mbili kama kurasa ni tatizo: mahali, wakati, aina ya jeraha, nani alikuwa naye, kama alikata roho pale pale au alisubiri msaada, na kama alisubiri, msaada ulichelewa kwa sababu gani. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi, na kifo cha mtoto kikiwa si tukio muhimu hatujui lipi litakuwa. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inalinda siri za usalama wa taifa. Hizo hatuzitaki. Serikali ibaki nazo yenyewe.

Tunaongeza jambo moja dogo ambalo pengine ni kubwa kuliko ripoti. Askari mmoja aliyekuwa na marehemu aliwahi kuja usiku, amevaa kiraia. Mama alimpikia wali. Alikula, akalia, akamshika mjukuu, akaondoka bila kueleza kitu kwa kuwa, alisema, hakuruhusiwa. Tunaomba waruhusiwe. Wapewe hata siku mbili za likizo baada ya kurudi kutoka misheni, wapite kwa wazazi wa wenzao, waseme yasiyohusu siri: alikuwa anachekesha vipi, alikuwa anaamka saa ngapi, chakula cha kambini alikuwa anakitukana kwa maneno gani. Mama anayo picha moja tu ya mwanawe akiwa Kongo, na ndani ya picha hiyo amevaa miwani ya jua.

Sasa fedha. Watu wa Tanga tunasifiwa kwa kusema kwa mafumbo, lakini hapa tutasema wazi.

Umoja wa Mataifa hulipa fidia ya kifo kwa mlinda amani aliyefia kazini. Fedha hiyo hailetwi mlangoni kwa mzazi. Hulipwa kwa serikali ya nchi iliyotoa askari, na serikali ndiyo huifikisha kwa wanaostahili. Kuanzia Julai 1997 kiwango kilikuwa dola 50,000 kwa kila askari bila kujali nchi anayotoka, na baadaye kikapandishwa. Mambo haya yako wazi katika maamuzi ya Baraza Kuu, yeyote anaweza kuyasoma. Mbali na hiyo yako mafao ya askari kwa sheria za nchi yetu. Kisichokuwa wazi ni kile kinachomhusu mama huyu hasa: kiasi gani, kutoka mfuko upi, kimefika lini, na kimeandikwa jina la nani.

Fedha isiyotajwa kiwango huzaa uongo, na uongo huo umeishi naye nyumba moja. Kabla hajaona shilingi, mtaa wa pili ulikuwa umeshamgawia mamilioni. Walikuja ndugu ambao hawakuonekana msibani. Alikuja mtu wa viwanja, amebeba ramani. Watu wa vikoba waliomba awakopeshe, na alipowaambia hana wakanuna. Usiku mmoja nondo za dirisha lake zilikatwa. Wezi walikuta gunia la mkaa na cherehani mbovu. Mama aliyefiwa akalazimika kuthibitisha umaskini wake kwa majirani, jambo ambalo ni fedheha kwetu sote. Baraza la wazee limewaonya waliohusika kwa majina, na majina hayo hatuyaleti hapa.

Ubaya zaidi uliingia kati yake na mkwewe. Marehemu aliacha mke kijana na mtoto mmoja wa kiume. Wanawake hawa wawili walilia pamoja kwenye mkeka mmoja. Kisha mmoja akaambiwa hili na mwingine lile, kila mmoja akaamini mwenzake anaficha, na mkwe akarudi kwao Muheza. Ukoo ukakaa, ukaandika muhtasari wa kikao, msimamizi wa mirathi akaombwa mahakama ya mwanzo, tangazo la siku 90 likabandikwa. Hapo ndipo swali lilipokwama: je, fidia ni sehemu ya mirathi, igawiwe kwa mafungu kama dini yetu inavyoagiza, sudusi kwa mama, thumuni kwa mjane na iliyobaki kwa mtoto, au ni mali ya yule ambaye askari mwenyewe alimwandika kwenye faili lake? Madirisha mawili ya jengo moja yalitoa majibu mawili, na kila jibu lilikuwa na mtetezi wake ndani ya ukoo.

Hatukuombi uamue kesi ya mirathi. Tunadai karatasi moja, iliyoandikwa kwa Kiswahili, iliyosainiwa, inayotaja kila fedha iliyolipwa au itakayolipwa kwa ajili ya marehemu, chanzo chake, kiasi chake, tarehe yake na mpokeaji wake, na inayosema kwa uwazi ipi ni mirathi na ipi siyo. Wapewe wanawake wote wawili siku moja, chumba kimoja, na awepo mwanasheria wa kuwaeleza ambaye halipwi na upande wowote wa ukoo. Tunaamini nusu ya ugomvi wao itakufa siku hiyo hiyo, na nusu nyingine tutaimaliza sisi wenyewe kwa sinia la pilau.

Jambo jingine la fedha. Tangu alipoajiriwa, kijana huyu alimtumia mama yake matumizi kila mwezi kwa simu. Meseji za miamala bado anazo. Simu imekufa betri, anaitumia ikiwa imechomekwa ukutani, kwa sababu hataki kuhamisha laini yake kwenye simu nyingine zikapotea. Alipoziwasilisha kama ushahidi kwamba alikuwa akimtegemea mwanawe, aliambiwa hazitambuliki. Tunadai zitambuliwe. Mzazi mzee aliyekuwa akitunzwa na askari awekewe posho ya kila mwezi maisha yake yote, iliyo kando na mirathi, isiyohitaji ruhusa ya baba wadogo.

Kuhusu afya tutasema kwa ufupi. Askari anayerudi na jeraha hutibiwa. Mzazi anayebaki na jeraha lisiloonekana anapewa panadoli. Awekewe haki ya kutibiwa bila malipo, pamoja na kuonana na mshauri nasaha, karibu na anapoishi. Kumwambia aende Dar es Salaam kila mwezi ni sawa na kumwambia asiende.

Kisha kuna makaburi na majina. Hapa Tanga yapo makaburi ya askari waliokufa katika mapigano ya Novemba 1914. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola bado inayahudumia, zaidi ya miaka mia moja baadaye. Dar es Salaam iko sanamu ya Askari, iliyozinduliwa 1927 kuwakumbuka wanajeshi na wapagazi wa Kiafrika wa vita ile ile, na juu yake hamna jina la hata mmoja wao. Mzee wetu wa Kagera amekwenda Kaboya, ambako wenzake wamelazwa kwa mamia, na anasema alipapasa mawe mpaka akampata aliyekuwa akimtafuta. Tunataka walinda amani wetu wawekewe mahali pa namna hiyo: ukuta wenye jina la kila mmoja, cheo, alipozaliwa na alipoangukia. Majina yaanzie hata kabla ya Darfur. Wasiishie kuwa idadi katika hotuba, kama sisi wenyewe tulivyolazimika kuwataja kwa idadi hapo juu. Na nishani ya Dag Hammarskjöld, ambayo Umoja wa Mataifa humtolea kila mlinda amani aliyefia kazini, kama ya kijana wetu imeshapokelewa nchini, iletwe Ngamiani. Huyu mama hajawahi kuigusa.

Tunamalizia malalamiko na hafla zenyewe. Mama huyu amealikwa mara kadhaa. Amepewa kanga, soda na nauli, amekaa chini ya hema, ametajwa kwenye hotuba kama “wazazi wa mashujaa wetu”. Mwaka mmoja aliondolewa kiti cha mbele ili apate nafasi mtu aliyechelewa, mwenye kitambulisho shingoni. Hakulalamika, sisi ndio tunaolalamika. Wazazi waulizwe kama wanataka kuja. Wakija, viti vyao visiguswe. Na wasipotaka, wasihesabiwe kuwa wamesusa.

Baadhi ya wakubwa wetu walipoisikia rasimu ya risala hii waliuliza kama haitaonekana ya uchochezi. Jibu letu ni kwamba mtaa unaochukia jeshi haukai usiku kucha na mama wa askari. Mdogo wake marehemu ametimiza umri na anataka kwenda JKT. Fomu ameshaijaza. Mama hajamkatalia, ila hajamruhusu, na anasema hadharani kwamba akijibiwa maswali yake atamfungia begi kwa mkono wake. Vijana wengine wa mtaa huu wanaangalia litakavyokwisha.

Ili jambo hili lisiingie kwenye kabati, tunaomba ateuliwe afisa mmoja, kwa jina na kwa namba ya simu, atakayeshughulika na mama huyu mpaka mwisho. Akihamishwa, amkabidhi mwenzake mbele yetu. Majibu yaje kwa maandishi kabla ya tarehe 1 Septemba, siku ya kuzaliwa kwa JWTZ, kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa. Swali la nani alimkosha lijibiwe la kwanza, hata kama mengine hayajakamilika. Lisisubiri fidia, lisisubiri ukuta. Majibu yatakapofika, mwalimu atamsomea mama, na masheikh na mzee wa Kagera watakuwepo. Nakala ya risala hii unayo mkononi, nyingine iko kwa mwenyekiti, na ya tatu anayo mama mwenyewe, amesomewa yote na kuikubali, isipokuwa alituambia tufute sentensi moja iliyokuwa inamsifu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wakazi wa mtaa, kwa mkono wa katibu wa chama cha kuzikana.